Kuona alizeti na watoto: shamba la mkulima au shamba la wageni?

Picha za alizeti hufanana zote: manjano yanayokwenda mpaka macho yanapoishia, mtoto katikati, tabasamu. Picha hizo hazisemi kwamba mashamba yanayopokea familia ni ya aina mbili, na kwamba aina hizo hazifanani hata kidogo. Lipo shamba la mkulima, lililopandwa kwa ajili ya mbegu na mafuta, ambalo mwenyewe anakubali watu waje kuangalia. Na lipo shamba lililopandwa kwa ajili ya wageni, lenye njia, vyoo, mahali pa kukaa na mara nyingi sehemu ya kukata maua ya kuondoka nayo. Nazipenda safari za aina zote mbili, ila kila moja kwa sababu yake. Familia ikienda kwenye lile lisiloifaa, nusu siku inaishia kwenye kumbembeleza mtoto aliyechoka na mzee anayetafuta kivuli.

Nianze na kipimo ninachokiamini kuliko vingine: urefu wa mtoto mdogo kuliko wote mtakaokwenda naye.

Anachokiona mtoto wa miaka mitatu

Alizeti ya mafuta kwa kawaida hufika mita moja na nusu hadi mbili, na ua lake ni moja tu, juu kabisa ya shina. Mtu mzima akisimama ukingoni anaona maua. Mtoto ambaye hajafika mita moja anaona mashina na majani ya chini yaliyoanza kunyauka. Kile mlichokifuata kiko juu ya kichwa chake. Atafurahi akiwa mabegani mwa baba, na kila akishushwa atataka kupandishwa tena.

Kwenye shamba la wageni mara nyingi huchanganywa aina ndefu na fupi. Zipo alizeti zinazoishia sentimita 60 hivi, zenye maua yaliyojaa petali mpaka katikati, na mbele ya hizo mtoto mdogo anaweza kusimama ana kwa ana na ua. Mengine yana jukwaa dogo la mbao la kupandia ili watu waone shamba kwa juu. Ukiwa na mtoto chini ya miaka mitano, vitu hivi viwili, aina fupi na jukwaa, vina uzito kuliko ukubwa wa shamba. Shamba la ekari nyingi halimwongezei chochote mtoto asiyeweza kuliona.

Kuna na suala la kupotea. Mistari ya alizeti iliyopandwa kwa mashine huachana kwa sentimita 70 hivi, na mimea ikikomaa majani yake hufunga nafasi hiyo. Mtoto akikimbia hatua kumi ndani ya mistari, humwoni tena, na sauti yake inakuwa vigumu kujua inatokea wapi. Shamba la wageni lina njia pana zilizofyekwa, kwa hiyo hatari hupungua, ingawa haiishi, hasa pale penye mzingile wa kutafuta njia ya kutokea. Katika mashamba yote mawili wavalishe watoto nguo nyekundu au za buluu. Manjano na kijani hupendeza kwenye picha lakini humficha mtoto palepale alipo. Na nguo ziwe ndefu: majani na mashina ya alizeti yana vinyweleo vikavu vinavyokwaruza ngozi, na mtoto aliyevaa kaptula atalalamika mapema.

Shamba la mkulima: pale kazi inapoonekana

Kwa watoto wa miaka minane na kuendelea, maoni yangu yanageuka kabisa. Hapo shamba la mkulima linashinda, kwa sharti moja: mkulima au mtu wake awepo na awe na nusu saa ya kuzungumza.

Bila mtu wa kueleza, shamba la mafuta ni mmea mmoja uliorudiwa mara elfu nyingi, na watoto wakubwa huuchoka haraka kuliko wadogo. Akiwepo wa kueleza, kila kitu kinabadilika. Ataonyesha kwamba kile tunachokiita ua ni mkusanyiko wa maua madogo mamia kwa mamia. Zile petali za manjano za pembeni kazi yake ni kuwaita wadudu, hazizai mbegu. Mbegu hutoka kwenye yale maua madogo ya katikati, na hayo hufunguka kwa zamu, duara baada ya duara, kutoka ukingoni kwenda ndani. Mtoto akishaelewa hilo, anaweza kuangalia kichwa chochote na kusema kama ua ni jipya au linakaribia kumaliza, kwa kutazama tu duara la chavua limefika wapi.

Kichwa kimoja kizuri huweza kubeba mbegu 1,000 hadi 2,000. Katika aina za mafuta mbegu huwa nyeusi na ndogo, na mafuta huchukua karibu asilimia 40 ya uzito wake au zaidi. Zile kubwa zenye mistari myeupe ni za kutafuna. Mahali penye mashine ya kukamua karibu na shamba, ombeni kuiona. Mtoto akishika mashudu yakiwa bado na joto, akayanusa, halafu akaambiwa yanakwenda kulisha mifugo, hatahitaji somo jingine kuhusu mazao. Jihadharini na kitu kimoja tu: mbegu zilizotayarishwa kwa ajili ya kupanda mara nyingi hupakwa dawa, na huwa na rangi isiyo ya kawaida. Hizo haziliwi, hata moja, na mikono inaoshwa baada ya kuzigusa.

Ubaya wa shamba la mkulima unajulikana. Hakuna choo. Hakuna kivuli. Udongo ukiwa umelowa hunata kwenye viatu, na kigari cha mtoto hakipiti. Mzee anayetumia mkongojo ataishia kukaa kwenye gari. Kwa hiyo safari ya shamba la namna hii iwe fupi, saa moja au moja na nusu, na chakula kiliwe kwingine.

Kuna na dawa. Shamba la mazao hupuliziwa, na kila dawa ina muda wa kusubiri kabla watu hawajaruhusiwa kuingia, muda ambao huandikwa kwenye kibandiko cha chombo chake. Kuuliza "mmepulizia lini mara ya mwisho, na dawa gani?" ni haki ya mzazi. Mkulima makini hatakasirika. Huenda akakueleza mwenyewe kwamba huepuka kupulizia dawa ya wadudu maua yanapokuwa wazi, kwa sababu ya nyuki.

Jambo la mwisho kuhusu shamba la mkulima ndilo linaloniuma zaidi, nalo ni adabu ya wageni. Alizeti ya mafuta ikivunjwa shina haichipui kichwa kingine. Anayekata ua moja la kupiga nalo picha ameondoa mavuno ya mmea mzima, na anayeingia katikati ya mistari akitafuta mandhari nzuri huvunja mengi bila kujua. Mwaka 2018 katika jimbo la Ontario, Kanada, familia moja ya wakulima ilifungua shamba lake la alizeti kwa wapiga picha. Baada ya siku chache picha zilienea mitandaoni, maelfu ya watu wakamiminika kwa mkupuo, barabara zikajaa magari, mimea ikakanyagwa, na shamba likalazimika kufungwa kwa umma. Familia ile ilikuwa imefungua mlango kwa nia njema. Kabla hamjaingia kwenye shamba la mtu, ombeni ruhusa hata kama hakuna uzio, kaeni kwenye njia mliyoonyeshwa, na waambieni watoto mapema, kabla ya kushuka garini, kwamba hapa tunaangalia, hatuchumi.

Shamba la wageni: pale mtoto anaporuhusiwa kushika

Wako watu wanaoyadharau mashamba haya, wakisema ni bustani za picha. Sikubaliani nao. Mwenye shamba la wageni naye ni mkulima. Anachokiuza ni siku ya familia, na kuifanikisha kunahitaji ujuzi wake. Ili maua yawepo kwa wiki nyingi, hapandi shamba zima siku moja. Hupanda kwa awamu, kipande baada ya kipande, kila baada ya wiki moja au mbili, ili kimoja kikianza kukauka kingine kiwe kinafunguka. Huchagua pia rangi ambazo shamba la mafuta halina: nyekundu ya kuiva, kahawia, manjano iliyopauka inayokaribia nyeupe. Na huweka aina zenye matawi, ambazo shina moja hutoa maua mengi madogo, kwa hiyo kukata moja hakuumizi mmea.

Hapo ndipo faida kubwa ya mashamba haya ilipo kwa watoto: wanaruhusiwa kukata. Mtoto aliyeambiwa "usiguse" tangu asubuhi anapewa mkasi na ndoo, naye anageuka mtu mwenye kazi. Kama mnakwenda kukata, nendeni mapema asubuhi wakati shina bado limejaa maji. Chagueni maua ambayo petali zimeanza tu kuinuka. Yaliyofunguka kabisa yanavutia zaidi shambani lakini nyumbani hayadumu. Kateni shina kimshazari, ondoeni majani yote yatakayozama majini, na tumbukizeni shina majini papo hapo. Ndoo yenye maji kidogo ndani ya gari ni muhimu kuliko karatasi nzuri ya kufungia. Yakitunzwa hivyo na kubadilishiwa maji, maua hukaa karibu wiki nzima, na aina zisizo na chavua, ambazo wakulima wa maua ya kukata huzipenda, hudumu zaidi na hazidondoshi unga wa njano mezani.

Upungufu wake? Watu. Mwishoni mwa wiki shamba la wageni linaweza kujaa hadi ukose kona isiyo na mtu. Kelele huwa nyingi na foleni ya choo ndefu. Tena michezo ikizidi, alizeti yenyewe hugeuka pazia la nyuma, na mtoto anarudi nyumbani akikumbuka bembea. Si jambo baya, ila kama lengo lilikuwa mmea, anzeni na maua kwanza kisha michezo. Mkianza na michezo, hamtawatoa huko. Na kama mnaweza kwenda siku ya kazi, nendeni siku ya kazi. Hilo peke yake hubadilisha safari kuliko kuhama shamba.

Wiki mtakayokwenda

Sasa nifike kwenye jambo ambalo naona watu hulipima kidogo mno. Wazazi husumbuka kuchagua shamba, kisha huenda siku yoyote. Kwa shamba la mafuta hilo ni kosa linalogharimu safari nzima. Alizeti huchukua takribani miezi miwili tangu kupandwa hadi kuchanua, kutegemea aina na joto, na shamba lililopandwa kwa siku moja huwa zuri kwa siku kumi hivi, pengine wiki mbili. Baada ya hapo petali hunyauka na vichwa huinama. Mvua ya upepo inaweza kuulaza uzuri wote kwa usiku mmoja.

Lakini sikubali kwamba kilele cha maua ndicho wakati pekee wa kwenda.

Wiki moja au mbili kabla ya kuchanua, vichwa vikiwa bado vichanga na vya kijani, ndipo alizeti hulifuata jua: asubuhi hutazama mashariki, jioni magharibi, na usiku hujirudisha mashariki kabla ya mapambazuko. Ua likishafunguka, mchezo huo huisha na kichwa hubaki kimeelekea mashariki. Watu wengi hudhani ua lililokomaa ndilo huzungukazunguka, na watoto hushangaa kugundua kwamba ni kinyume. Mwaka 2016 jarida la Science lilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba shina ndilo huleta mwendo huo, kwa kukua zaidi upande mmoja mchana na upande wa pili usiku, na kwamba maua yanayotazama mashariki hupata joto mapema na hutembelewa na wadudu wengi zaidi. Kama shamba la mkulima liko karibu na nyumbani, pitieni asubuhi na jioni ya siku moja katika kipindi hiki. Hakuna msongamano wala manjano ya kupigia picha, lakini ni somo la sayansi ambalo mtoto analiona kwa macho yake.

Kisha kuna kipindi cha kukomaa, mwezi mmoja hivi baada ya maua. Vichwa vimeinama, migongo yake imegeuka kutoka kijani kuwa njano kisha kahawia, ndege wamejaa. Hapo ndipo mbegu zinaonekana wazi zilivyopangwa kwa mizunguko inayopishana, mmoja kulia, mwingine kushoto. Hesabuni. Mara nyingi mtapata 34 na 55, au 55 na 89, namba ambazo kila moja ni jumla ya mbili zilizoitangulia. Mwaka 2012, miaka 100 tangu kuzaliwa kwa mwanahisabati Alan Turing, wananchi walialikwa na makumbusho ya Manchester, Uingereza, wapande alizeti na kuhesabu mizunguko hiyo. Matokeo yaliyochapishwa 2016 yalionyesha kwamba vichwa vingi vilifuata namba hizo, na vingine havikufuata. Kwa hiyo mtoto akija na hesabu isiyolingana, msimwambie amekosea. Ahesabu tena, kisha aandike alichopata.

Kwa kipindi hiki cha mwisho shamba la mkulima halina mpinzani. Mashamba mengi ya wageni hufyeka kipande kikishanyauka.

Asubuhi, jioni, na upande wa kusimama

Kwa kuwa maua yaliyokomaa hutazama mashariki, ukiingia shamba kwa upande wa magharibi unakuta migongo ya kijani. Nimeona familia zikizunguka zikidhani maua ya shamba yameshaisha, kumbe maua yote yametazama ng'ambo ya pili. Kwenye shamba la wageni njia huwa zimepangwa kwa kuzingatia hilo. Kwa mkulima, uliza barabara iko upande gani.

Asubuhi jua huangaza maua usoni na hewa haijapata joto, kwa hiyo kwa watoto wadogo na wazee ndio wakati wangu. Picha hutoka zenye rangi kamili, ila anayepigwa picha akitazama mashariki atakunja uso. Mwambieni ageuke kidogo pembeni. Jioni jua huwa nyuma ya maua na petali hupitisha mwanga, jambo zuri sana kwa macho, lakini nyuso za watu huwa gizani.

Nyuki nao wana saa zao. Alizeti hutoa chavua asubuhi, na nyuki huwa wengi wakati huo. Mtoto anayewaogopa atatulia zaidi alasiri. Nyuki aliye kazini kwenye ua mara chache humuuma mtu asiyembana. Hatari kubwa ni kumkanyaga au kumshika kwa bahati mbaya, basi viatu vifungwe na vichwa vya maua visikumbatiwe kwa ajili ya picha. Mizinga mara nyingi huwekwa pembezoni mwa shamba la mkulima. Msisimame mbele ya mlango wake. Mtu akiumwa, mwiba utolewe haraka iwezekanavyo kwa njia yoyote, kwa sababu sumu huendelea kuingia. Mwenye mzio unaojulikana wa nyuki asikubali kwenda mbali na huduma bila dawa zake, sindano ya adrenalini ikiwemo kama ameandikiwa, na kupumua kwa shida au uso kuvimba ni dharura ya hospitali bila kusubiri. Kwa familia yenye mtu kama huyo nachagua shamba la wageni bila kujiuliza mara mbili, kwa sababu msaada uko karibu na barabara ya kuingia inajulikana.

Kuamua

Familia yenye watoto wadogo tu, mama mwenye mimba, au babu na bibi wanaotembea kwa shida: shamba la wageni, asubuhi, siku ya kazi. Watoto wa shule ya msingi wanaouliza maswali mengi: mkulima, kwa miadi, kipindi cha maua au cha kukomaa. Vijana waliokwishajifanya hawapendezwi na matembezi ya familia hufunguka wakipewa kazi. Kukata maua huwafaa, na kusaidia kuvuna huwafaa zaidi pale mkulima anapokubali. Umri ukichanganyika, mfuateni mdogo, kisha mpeni mkubwa kamera au daftari la hesabu ya mizunguko.

Pigeni simu siku moja kabla. Kwa mkulima ulizeni maua yamefika hatua gani wiki hii, amepulizia lini, na kama kutakuwa na mtu wa kuwatembeza. Kwa shamba la wageni ulizeni kama kuna aina fupi, kama kigari cha mtoto kinapita, na kama mkasi na ndoo mnapewa au mnabeba wenyewe. Mkijibiwa kwamba maua yapo muda wote, ulizeni wamepanda kwa awamu ngapi na kipande kinachofuata kinafunguka lini. Mwenye kupanda kwa awamu atawatajia tarehe palepale.